Mafuta ya mimea yaliyotiwa chembe za nano: hizi chembe zinafanya kazi gani hasa kule ndani?

#1 MtuWaLezi
Salaam wakuu.

Kazi yangu ni lezi na mashine za kutoboa chuma. Kwa muda sasa nimeacha oili ya madini kwenye kukata, natumia mafuta ya mimea. Uso wa chuma unatoka safi, na ngozi ya mikono haiwashi tena. Shida ni mbili: joto likizidi yanashindwa, na yakikaa kwenye mashine yanageuka gundi.

Kila nikitafuta dawa nakutana na chembe za nano. Unachukua unga wa oksidi ya shaba, dioksidi ya titani, molibdeni disulfidi au grafini, chembe zenye upana wa nanomita 20 mpaka 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unachanganya kama nusu asilimia ya uzito wa mafuta, msuguano unashuka na chuma hakiliki sana. Matokeo wanayaweka wazi kwa namba. Ila ukiuliza sababu, kila mmoja ana yake. Maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba chembe zinabingirika kama gololi katikati ya vyuma viwili. Mimi hayaniingii. Kwa nguvu ninayoiona kwenye ncha ya kisu cha lezi, gololi gani itabaki duara?

Wenye ujuzi karibuni. Nataka sababu, matangazo ninayo ya kutosha.

#2 GiaYaNne
Mkuu, gololi usiitupe mapema. Chuma kilichosagwa vizuri bado kina vilima na mabonde. Ukwaru wa nanomita 100 mpaka 400 ni kawaida kabisa kwenye beringi na shafti. Chembe ya nanomita 50 ni ndogo kuliko bonde lenyewe. Nyingine zinazama humo na kuziba, nyingine zinabaki juu na kubingirika pale uzito usipokuwa mkubwa. Mambo yote mawili yanaweza kutokea kwa wakati mmoja.

#3 Bint_Kemia
Kabla ya chembe, tuyaangalie mafuta yenyewe, maana watu wanaruka hatua hii.

Molekuli ya mafuta ya mimea ni trigliseridi: gliseroli moja imeshika mikia mitatu ya asidi za mafuta. Upande wenye oksijeni unavutwa na chuma, mikia inasimama kwa nje, na unapata utando mwembamba hata pale ambapo mafuta mengine yote yameshakamuliwa na uzito. Oili ya madini haina kitu hicho mpaka iongezewe kiungo. Fahirisi ya mnato ya soya au kanola inapita 200, ya oili ya madini ya kawaida iko karibu 95 mpaka 100. Yaani joto likipanda, mafuta ya mimea hayawi maji maji haraka. Mvuke wake unashika moto karibu nyuzi 300 au zaidi, wakati oili nyingi za madini ni karibu 200.

Ugonjwa wake uko kwenye vifungo maradufu vya mikia. Asidi ya oleiki ina kimoja, linoleiki viwili, linoleniki vitatu. Oksijeni inashambulia hidrojeni iliyo jirani na vifungo hivyo, na linoleiki inaoksidika kama mara kumi kwa kasi kuliko oleiki. Hiyo ndiyo gundi ya kwenye lezi yako. Molekuli zinashikana mpaka zinakuwa kama rangi ya mafuta iliyokauka. Hakuna chembe ya nano itakayokuondolea kifungo maradufu. Kama gundi ndiyo inakusumbua, tafuta alizeti ya aina yenye oleiki nyingi, ile inayofika 80% na zaidi, kisha ongeza kizuia oksidesheni. Nano ije baadaye.

#4 Kapi
Mbona hakuna aliyetaja nyonyo? Ule ndio mfalme. Mzito, unashika chuma, na fahirisi juu ya 200 kama dada alivyosema. Injini za ndege za vita ya kwanza ya dunia zilikuwa zikitumia mafuta ya nyonyo.

#5 Mama_Mitambo
Kapi, ya ndege ni kweli, ya fahirisi si kweli. Nyonyo ni wa peke yake kwenye ukoo huu. Karibu 90% ya asidi zake ni risinoleiki, ambayo ina kundi la hidroksili kwenye mkia. Molekuli zinashikana kwa hilo, ndiyo maana kwenye nyuzi 40 mnato wake uko karibu milimita mraba 250 kwa sekunde, na alizeti ni karibu 40 tu. Lakini joto likipanda ule mshikano unaachia na mnato unaporomoka. Fahirisi yake ni kama 90, chini hata ya oili nyingi za madini.

Zile ndege zilipenda nyonyo kwa sababu injini zake za kuzunguka ziliingiza petroli na hewa kupitia kwenye kasha la kranki, na nyonyo hauyeyuki kirahisi kwenye petroli. Pia mafuta yalitupwa nje baada ya kupita mara moja. Hayakupewa nafasi ya kuwa gundi. Shikeni hilo la "kupita mara moja", litatufaa kwa swali la MtuWaLezi.

#6 FundiPampu
Mimi nina kisa. Kuna muuzaji alinishawishi kuweka unga wake kwenye mafuta ya kanola ya pampu ya haidroliki. Chupa ilikuwa nyeusi, nzuri, ukiitikisa haina hata punje. Wiki za mwanzo pampu ilitulia hata kelele ikapungua. Mashine ikaja kusimama muda mrefu bila kazi. Kuiwasha tena, presha haipandi. Nikafungua chujio: tope jeusi limejaa kwenye mikunjo yote, ukilipapasa kwa vidole linateleza kama grisi, lakini ukilisugua kwenye kioo linachora.

Nikajiuliza, nanomita 50 inawezaje kuziba chujio la mikromita 10? Tundu ni kubwa mara 200 kuliko chembe.

#7 Mchunguzi_Huru
FundiPampu, chembe mojamoja haizibi, mabonge ndiyo yanaziba. Tupige hesabu kwa kanuni ya Stokes, ile ya kasi ya punje kuzama kwenye kimiminika.

Oksidi ya shaba ina uzito wa gramu 6.3 kwa sentimita ya ujazo, mafuta ni 0.92. Chembe ya nanomita 50 kwenye mafuta ya nyuzi 40 inazama kwa milimita 0.02 kwa siku. Hiyo ni sawa na kusimama, na mtikisiko wa joto wa molekuli unairudisha juu. Chembe hizohizo zikishikana zikawa bonge la mikromita 1, kipenyo kimekua mara 20, na kasi ya kuzama inakua kwa mraba wa kipenyo, yaani mara 400. Unafika milimita 8 kwa siku. Bonge likiwa na nafasi ndani litachelewa kidogo, lakini umeona mwelekeo.

Na kushikana ni lazima kutokee usipozuia. Nusu asilimia ya uzito wa oksidi ya shaba ya nanomita 50 inakupa zaidi ya chembe trilioni 10 kwenye kila sentimita ya ujazo ya mafuta. Zinagongana muda wote, na zikikaribiana sana zinavutana. Kutikisa kwa mawimbi ya sauti kunazitawanya, lakini hakuzizuii kurudiana.

#8 MtuWaLezi
Shukrani, hapo kwenye mabonge nimeelewa. Kwa hiyo wanaozipaka asidi ya oleiki kwanza ndicho wanachozuia?

#9 Bint_Kemia
Ndiyo. Kichwa cha asidi kinashika chembe, mkia unaelekea kwenye mafuta. Chembe mbili zikisogeleana mikia inagongana kabla chembe zenyewe hazijagusana.

Na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Asidi ya oleiki yenyewe ni kilainishi! Inashika chuma kuliko trigliseridi inavyoshika. Sasa mtu anapima mafuta matupu, halafu anapima mafuta yenye chembe zilizopakwa oleiki, anaona msuguano umeshuka, anatangaza kuwa ni chembe. Kipimo cha tatu kiko wapi, mafuta yenye oleiki ileile bila chembe? Bila hicho hajatenganisha kitu. Kila ripoti ninayosoma naanza kutafuta kipimo hicho, na nyingi hazina.

#10 GiaYaNne
Hahaha, Bint ana ugomvi na chembe tangu #3.

Lakini dada, kuna majaribio ya kovu. Ile mashine ya mipira minne, kipimo cha ASTM D4172: mipira mitatu ya chuma cha beringi, milimita 12.7 kila mmoja, imebanwa kwenye kikombe cha mafuta, wa nne unazungushwa juu yake mara 1200 kwa dakika, uzito niutoni 392, nyuzi 75, saa nzima. Ukimaliza unatoa ile mitatu ya chini, unaifuta, unaitia kwenye hadubini. Kila mmoja una doa la mviringo lenye mikwaruzo sambamba. Unapima upana wa doa. Mafuta ya mimea matupu mara nyingi huacha doa la karibu milimita 0.6. Tuseme kwa chembe doa linashuka hadi 0.5. Hapo utasema oleiki?

#11 Kapi
Kutoka 0.6 kuja 0.5 ni kama 17% tu. Kelele zote hizi kwa 17%?

#12 Mchunguzi_Huru
Upana unapotosha, Kapi. Chuma kilichotoka ni kipande cha juu cha mpira, na ujazo wake unafuata upana kwa kipeo cha nne. 0.5 kwa 0.6, kipeo cha nne, ni 0.48. Chuma kilichopotea kimepungua zaidi ya nusu.

Na kuna jingine ambalo wasomaji wengi wa namba hizi hawalijui. Kwa niutoni 392, hata kabla mpira haujazunguka, chuma kinabonyea na kugusana kwenye duara la karibu milimita 0.30. Kwa hiyo mwisho wa chini ni 0.30, si sifuri. Ukiletewa tangazo la doa la 0.25 kwa uzito huo, liulize maswali.

Shinikizo la mwanzo pale katikati linapita gigapaskali 3. MtuWaLezi, hapo nakuunga mkono. Kwa shinikizo hilo chembe laini inasambaratika au inabandikwa kwenye chuma. Haizunguki.

#13 GiaYaNne
Shinikizo hilo ni la sekunde za mwanzo tu. Doa likifika 0.5 eneo limekua karibu mara tatu, na shinikizo limeshuka vilevile. Na dioksidi ya titani aina ya rutili ina ugumu wa 6 mpaka 6.5 kwa kipimo cha Mohs (cha 1 mpaka 10), inakaribia chuma cha beringi. Msiizike gololi ikiwa hai.

#14 Mama_Mitambo
Mnazozana kana kwamba chembe zote ni ukoo mmoja. Molibdeni disulfidi na tangsteni disulfidi ni matabaka. Tabaka kwa tabaka zimeshikana kidogo sana, zinateleza moja juu ya nyingine. Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann walionyesha mwaka 1992 kwamba tangsteni disulfidi inaweza kujikunja ikawa tufe lenye matabaka, kama kitunguu. Ukisikia tufe utasema gololi hiyo. Lakini uzito ukizidi, tufe linapasuka, maganda yanachanika na kulala bapa juu ya chuma. Kazi kubwa inafanywa na maganda.

Shaba na oksidi yake ni habari nyingine. Watu hukuta shaba imebaki ndani ya doa hata baada ya kuosha mpira kwa heksani, kimiminika cha kuondoa mafuta, na shaba ni laini, inakatika kabla ya chuma. Huo ni utando wa kujitoa mhanga.

Alumina ni ya tatu: ugumu wa 9. Hiyo inasugua vilima mpaka uso ulainike, kisha msuguano unashuka kwa sababu uso umekuwa laini.

#15 FundiPampu
Mama, hiyo ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Kusugua vilima ndiko kulika kwenyewe. Ukisugua saa moja kwenye jaribio doa linapendeza. Kwenye pampu yangu inayofanya kazi mwaka mzima, nani ataiambia alumina iache kusugua?

#16 Mama_Mitambo
Hakuna wa kuiambia. Ndiyo maana mimi siiweki kwenye kitu chochote kinachozungusha mafuta yaleyale.

#17 Mrembo_wa_Gereji
Wakuu samahani nachepusha kidogo. Naweza kuweka kwenye injini ya gari? Nina mafuta ya alizeti na nimepata unga wa grafini.

#18 Mama_Mitambo
Hapana mwanangu. Karibu na pete za pistoni kuna joto la zaidi ya nyuzi 200 na moshi wa mwako unaopenya chini. Alizeti ya kawaida itakuwa tope. Tena oili ya injini ina kiungo cha zinki na fosfori kinachojenga utando wake juu ya chuma. Ukileta mgeni anagombania nafasi ileile.

#19 Mrembo_wa_Gereji
Asante mama, nimeacha.

#20 Mchunguzi_Huru
Kuna wanaosema chembe zinapunguza kulika kwa kuongeza mnato tu. Hili tulifunge. Kanuni ya Einstein inasema mnato unaongezeka mara 2.5 ya sehemu ya ujazo iliyochukuliwa na chembe. Nusu asilimia ya uzito wa oksidi ya shaba ni sehemu 0.0007 ya ujazo, kwa kuwa ni nzito mno kuliko mafuta. Zidisha, unapata ongezeko la mnato la chini ya 0.2%. Kubadilika kwa joto kwa nyuzi moja tu kunazidi hapo. Mtu akipima ongezeko kubwa, ujue ana mabonge kwenye chupa.

#21 Bint_Kemia
Sawa kabisa. Na nirudi kwenye shaba ya #14, kwa sababu inasifiwa sana na mimi naiogopa.

Shaba ni miongoni mwa vichocheo vikali vya oksidesheni ya mafuta. Wasafishaji wa mafuta ya kula wanaikwepa hata kwa kiasi kidogo sana. Mafuta ya mimea yakianza kuzeeka yanatoa asidi, asidi inayeyusha oksidi ya shaba, inakuwa sabuni ya shaba ndani ya mafuta, na shaba hiyo inavunja peroksidi, yaani mazao ya kwanza ya oksidesheni, na kuzaa vipande vikali vya molekuli (radikali) vinavyoiendeleza. Kulika kumepungua kwa saa moja, lakini uhai wa mafuta umefupishwa. Jaribio la mipira minne haliwezi kukuonyesha hilo kwa kuwa linaisha kabla mafuta hayajazeeka. Anayeleta matokeo ya kulika alete na kipimo cha oksidesheni, yale mafuta yakiwekwa kwenye joto na oksijeni mpaka yashindwe.

#22 GiaYaNne
Hapo siwezi kubisha kwa shaba. Lakini silika? Haichochei. Boroni naitraidi ya matabaka? Haichochei. Kosa la shaba lisiwe la ukoo mzima.

#23 Bint_Kemia
Boroni naitraidi sina neno nayo.

#24 MtuWaLezi
Tumefika karibu na kazi yangu sasa. Mimi sizungushi mafuta. Nimefunga kifaa cha kupulizia: hewa yenye presha inabeba matone madogo ya mafuta hadi kwenye ncha ya kisu, kiasi cha mililita 50 hivi kwa saa. Mafuta yanapita mara moja yanakwisha, kama ndege za Mama. Kuzeeka hakunihusu sana, na kutuama ni kwa kopo dogo tu ninaloweza kulitikisa. Je, si hapa ndipo nano inafaa kuliko mahali pengine pote?

#25 Mama_Mitambo
Kwa hoja ya mafuta, ndiyo. Ila chagua chembe kwa joto. Pale ambapo unyoya wa chuma (kile kipande chembamba kinachochongwa) unasugua uso wa kisu, nyuzi 600 na zaidi si ajabu ukikata chuma kigumu kwa kasi. Molibdeni disulfidi ikiwa kwenye hewa inaanza kuoksidika karibu nyuzi 350 mpaka 400. Boroni naitraidi inavumilia hewa hadi karibu nyuzi 900. Mimi ningeanza na hiyo.

#26 FundiPampu
Swali kwa wote: mafuta yanafika pale kweli? Unyoya umelala juu ya kisu kwa nguvu zote. Tone linaingilia wapi?

#27 Mchunguzi_Huru
Karibu na ncha haliingii. Pale chuma kimeng'ang'ania kisu moja kwa moja. Nyuma kidogo, unyoya unapoanza kuinuka, unagusa kwa vilima tu na kuna vijinafasi. Inawezekana chembe inapenya humo, na inawezekana pia inabandikwa kwenye upande wa kisu unaosugua kazi. Watu wa kukata chuma wanabishana kuhusu kupenya huku tangu zamani, hata kwa mafuta yasiyo na nano.

#28 NyukiMtulivu
Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa nasema. MtuWaLezi, unachopulizia ndicho unachovuta. Ukungu wa mafuta peke yake tayari una madhara kwa mapafu, sasa unauongezea chembe zinazofika mwisho kabisa wa njia ya hewa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka dioksidi ya titani kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani, kwa sababu ya kuvuta vumbi lake. Na unapopima unga mkavu kwenye mizani ndipo hatari ilipo kubwa, kwa kuwa bado haujafungwa na mafuta.

Jingine. Tunakimbilia mafuta ya mimea kwa kuwa yakimwagika yanaoza. Kipimo cha OECD kinataka 60% ioze ndani ya siku 28, na mafuta ya mimea yanavuka bila shida. Oksidi ya zinki na ya shaba haziozi, na zote mbili ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini. Mnaweka sumu kwenye kitu tulichokichagua kwa sababu hakina sumu.

#29 Kapi
Nyuki kachoma.

#30 MtuWaLezi
NyukiMtulivu, hoja yako naichukua kwa uzito wote. Mashine ina kofia ya kuzuia ukungu na feni ya kuvuta, lakini chujio lake ni la matone. Nitauliza kama linashika kitu cha nanomita. Ununuzi wa unga mkavu naufuta. Nikipata iliyokwisha kutawanywa ndani ya mafuta nitaangalia.

Bint, nitafanya na kipimo chako cha tatu. Alizeti tupu, alizeti na oleiki, alizeti na oleiki na boroni naitraidi, chuma kilekile, kasi ileile, kisu kipya kila mara, halafu napima kulika kwa ubavu wa kisu kwa hadubini.

#31 Bint_Kemia
Ongeza cha nne: boroni naitraidi isiyopakwa, iliyotikiswa muda huohuo. Na kila kimoja kirudie zaidi ya mara moja, visu vya boksi moja navyo huwa vinatofautiana.

#32 GiaYaNne
Na ukipata nafuu kwenye cha tatu, bado hujajua ni utando, ni kuziba mabonde au ni gololi. Osha kisu, tafuta boroni iko upande gani na imekaa vipi. Ikiwa imelala bapa, Mama kashinda. Ikiwa imejaa kwenye mikwaruzo tu, ya kwangu ya #2 imesimama.

#33 FundiPampu
Na isipokuwepo kabisa?

#34 Bint_Kemia
Basi ni oleiki 😊

#35 GiaYaNne
Au imefanya kazi ikaondoka na unyoya. Mkuu, zile nyoya usizitupe, pima na zenyewe.